Kutembea Njiani na Mbwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zina njia nyingi za miguu. Ziko njia za kwenda kisimani, za kwenda shambani na za kwenda kijiji cha jirani. Nyingine hupita kati ya mikorosho, kisha huingia katika msitu wa miombo. Zamani Nachingwea ilikuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Mpango ulishindwa, na katika miaka ya 1960 reli ikafungwa. Njia za miguu zimebaki.

Wakulima wengi hupita njia hizo pamoja na mbwa. Wanafanya vizuri. Mbwa husikia na kunusa kuliko mtu. Mbwa akisimama ghafla, akaunguruma, nawe simama. Huenda kuna kifutu amelala njiani. Nyoka huyu hakimbii anaposikia mtu anakuja, na rangi yake hufanana na majani makavu. Huenda ni nguruwe mwitu anayechimba muhogo. Huenda ni simba.

Habari ya simba si hadithi. Kati ya mwaka 1990 na mwaka 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Wataalamu waliona kwamba simba waliwafuata nguruwe mwitu mpaka mashambani. Huko waliwakuta wakulima waliolala nje kulinda mazao. Mbwa anaweza kukuonya, lakini hawezi kukupigania na simba. Akirudi nyuma miguuni pako huku anatetemeka, usiende mbele kuchungulia. Rudi polepole, wala usikimbie.

Mbwa wa njiani ni yule anayeitika. Mfundishe angali mdogo. Mwite jina lake, na akija mpe kipande cha ugali. Ukikaribia kijiji, mfunge kamba. Watoto wengi humwogopa mbwa. Pia, sehemu zetu hizi zina Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mtu unayekutana naye huenda ametawadha, anakwenda msikitini. Basi toka njiani, mshike mbwa wako, msalimie mwenzako apite. Kisimani usimwache mbwa alambe ndoo za watu. Ugomvi mwingi wa majirani huanzia hapo.

Usimwache pia akimbize wanyama msituni. Kuwinda bila kibali ni kosa, hata kama aliyemkamata mnyama ni mbwa.

Sasa tuzungumze juu ya hatari kubwa kuliko simba. Hatari hiyo ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Fisi, mbweha na paka huweza kuupata, lakini karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu huwa wameumwa na mbwa. Mbwa wako akipigana na mbwa mgonjwa njiani, anaweza kukuletea ugonjwa nyumbani. Mbwa mgonjwa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huuma ovyo, hata mawe na miti. Mate humtoka, sauti hubadilika, na hutangatanga mbali na kwao. Mwingine hawi mkali. Hujificha tu, taya limelegea, na watu hudhani amekwamwa na mfupa. Usitie mkono kinywani mwake.

Mtu aliyeumwa haugui siku ile ile. Kwa kawaida hupita mwezi mmoja hadi mitatu, na pengine zaidi. Kidonda kimekwisha kupona, naye amekwisha kusahau. Dalili zikianza, kama vile kuogopa maji, hakuna dawa ya kumponya. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alipona.

Kwa hiyo ukiumwa, osha kidonda papo hapo. Tumia sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano. Sindano ni kadhaa, na kila moja ina siku yake. Zimalize zote. Wako watu wanaokaa nyumbani kungoja waone kama mbwa atakufa. Kungoja huko kunaua. Ni kweli kwamba hospitali ni mbali na nauli ni tatizo, lakini nauli hukopwa.

Kuchanja mbwa ni rahisi kuliko kumtibu mtu. Mwaka 2010 Serikali na Shirika la Afya Duniani walianza mradi wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, pamoja na kisiwa cha Pemba. Huko Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ulirudi, ikabidi mbwa wachanjwe tena mpaka ukatoweka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi kijiji chenye mbwa 100 hakifai kuchanja 20 na kurudi nyumbani.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwulize ofisa mifugo wa kata yako siku ya chanjo. Siku hiyo mbwa apelekwe na mtu mzima anayemzoea, si mtoto, na afungwe kamba imara. Ukipewa kadi, iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali pasipofika mchwa.