Ubao Uliopinda Haunyooshwi kwa Haraka: Nasaha ya Kununua Mashine ya Randa



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia barazani kijana niliyemsomesha chuoni tangu hajui alifu kwa kijiti. Leo ni baba wa watoto watatu, na nyuma ya nyumba yake ana kibanda cha makuti anamofanyia useremala: marufaa za kusomea Kurani, viti, makabati, na mara mojamoja kitanda cha samadari. Alifuatana na mkewe. Katika simu yake mlikuwa na picha ya mashine ya randa ya kuweka juu ya meza, na bei iliyoshushwa ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu.

"Maalim," akasema, "wewe umeshika randa kabla yetu sote. Ninunue au nisinunue?"

Kabla sijajibu, mkewe akasema kwa staha: "Maalim, nusu ya fedha hizo ni zangu. Ni za maandazi ya alfajiri, nimezikusanya kwa miaka miwili. Sikatai kumpa mume wangu. Ninachotaka kujua ni hiki: chombo hicho kitazirudisha?"

Swali hilo la mke ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vijana wengi wa mitaa yetu wamegeuza kona ya uwanja kuwa karakana, na wengi hununua chombo kwa uzuri wa picha. Marehemu baba yangu alinifundisha randa ya mkono kabla sijatimiza miaka kumi, na hadi leo, darasa likiisha, huchonga marufaa. Basi nitasema ninayoyajua.

KAZI YAKE, NA ISIYO KAZI YAKE

Mashine hii ina meza chini, na juu ya meza pana mhimili wenye visu viwili au vitatu unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Rola mbili huushika ubao na kuusukuma ndani, na visu hula upande wa juu. Ubao hutoka ukiwa na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, upande wa juu ukiwa sambamba na wa chini.

Tuliangalie vizuri neno hilo: sambamba. Sambamba si kunyooka. Ubao uliojikunja kama mwezi mchanga ukiingia, rola huukandamiza ukalala. Ukitoka nje hurudi pale pale. Umepungua unene, lakini upindo ni ule ule. Hapa ndipo wanunuzi wengi huvunjika moyo, wakadhani wameuziwa chombo kibovu, ilhali chombo kimefanya kazi yake.

Dawa ni kusawazisha upande mmoja kwanza kwa randa ya mkono. Weka fito mbili zilizonyooka, moja kila ncha ya ubao, kisha funga jicho moja utazame: fito zikiwa sambamba, ubao haujapotoka. Upande huo ukishakaa vyema, uweke chini, na mashine imalize upande wa juu. Njia ya pili ni kuulaza ubao uliopinda juu ya ubao mwingine bapa, kuweka kabari pale penye uwazi ili usikandamizwe wala usiteleze, na kuipitisha yote miwili pamoja. Kwa hivyo anayenunua mashine asiuze randa yake ya mkono.

HESABU KABLA YA BEI

Nilimwambia kijana yule: kabla hujauliza bei ya mashine, uliza gharama ya kutokuwa nayo. Karibu kila mji wetu una mahali pa kuuzia mbao penye mashine kubwa, nawe hulipa kwa futi. Andika unacholipa kwa mwezi, na nauli ya mkokoteni au tuktuk. Tuseme, kwa mfano tu, mashine na vifaa vyake ni shilingi 60,000, na kupigisha randa nje hukutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Itakuchukua miezi 30 kurudisha fedha zako, kabla hujahesabu umeme na visu. Ikiwa hukutoa 6,000, ni miezi 10. Mwenye kutengeneza kabati moja kwa miezi mitatu hana haja ya mashine. Mwenye oda kila wiki anaihitaji.

Na aliyepungukiwa asikimbilie mkopo wa riba, hata ule mdogo wa simu unaokuja kwa kubonyeza mara mbili. Randa ya mkono imejenga nyumba na milango ya pwani hii kabla ya umeme. Itakuvumilia miezi michache zaidi.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

La kwanza ni upana. Mashine nyingi za mezani hupokea ubao wa upana wa milimita 300 hadi 330, yaani inchi 12 au 13 hivi. Makita 2012NB, kwa mfano, ina upana wa milimita 304, na DeWalt DW733 ina milimita 317. Kwa kuwa mbao tunazouziwa huwa za inchi 6, 8, 10 na mara nyingine 12, upana huo watosha kazi za nyumbani. Ziko pia mashine za bei nafuu zaidi, zenye upana wa inchi 8 au 10, zinazonyoosha upande mmoja juu na kupima unene chini. Kwa mwenye kutengeneza vitu vidogo, hizo zaweza kumfaa kuliko pana.

La pili ni visu. Chukua mashine inayosukuma ubao mita 8.5 kwa dakika, na mhimili wa visu viwili unaozunguka mara 8,500 kwa dakika. Ukipiga hesabu utaona kila milimita moja ya ubao hupigwa mara mbili. Visu vikiwa vitatu kwa mwendo huo huo, hupigwa mara tatu, na uso hutoka laini zaidi. Lakini muhimu kuliko idadi ni hili: je, visu vya akiba vinapatikana dukani Mombasa, au ni lazima viagizwe ng'ambo? Vingi siku hizi vina makali pande mbili: upande mmoja ukichakaa wageuza, na wa pili ukichakaa watupa. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha visu vya akiba kwa macho, msalimie kwa wema uende zako.

La tatu ni umeme, na hapa nasema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma, jamaa yangu aliye Marekani aliniletea mashine nzuri iliyotumika kidogo. Nikakata plagi yake, nikatia ya pini tatu, nikaiwasha. Ililia kwa ukali ambao sijausikia tena, kisha moshi, kisha kimya. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, wetu ni 240. Nilikuwa nimesoma kila kitu katika kitabu chake isipokuwa mstari huo. Kibao kidogo cha chuma kilichobandikwa kwenye mashine ndicho cha kusomwa kwanza: kiseme volti 220 hadi 240, na hezi 50. Walio na ndugu Dubai au Maskati wana nafuu, kwani umeme wa huko walingana na wetu, na hata plagi ni ya pini tatu za bapa kama zetu. Mashine ya wati 1,800 huvuta ampea 7.5 hivi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huibeba, lakini waya wa kurefusha uwe mnene na mfupi. Waya mwembamba hupata moto na kuidhoofisha mota.

La nne ni uzito na vipuri. Nyingi zina kilo 28 hadi 35. Yataka meza imara, na ifungwe kwa bolti isitembee. Mota zake hutumia vipande viwili vya kaboni ambavyo huchakaa. Uliza vinauzwa wapi. Ukinunua iliyotumika, chomoa plagi, kisha tikisa mhimili kwa mkono: ukicheza, beringi zimekwisha. Halafu usikubali kulipa kabla hujapitisha ubao wako mwenyewe.

MBAO ZETU NA HEWA YETU

Mbao za pwani zina tabia zake. Msaji una chembechembe kama mchanga ndani yake, hufanya visu kuwa butu upesi. Mvule una wakati mwingine mawe madogo yaliyojificha, nayo hupasua makali. Nyuzi zake zimepishana, na ukila kingi kwa mara moja uso huchanika. Mashine yaweza kuandikwa kuwa hula milimita 3, lakini wewe kula moja au chini yake, na upitishe mara nyingi. Mbao za jahazi kuukuu, ambazo siku hizi zapendwa kwa samani, usizipitishe kabla hujazikagua inchi kwa inchi kwa sumaku. Msumari mmoja uliozama huharibu visu vyote.

Ncha za ubao huwa na tabia ya kuliwa zaidi zikiingia na zikitoka. Zishikilie ziwe sawa na meza, na uache inchi mbili tatu za kukata baadaye. Vipande vifupi kuliko futi moja usivipitishe kabisa, kwani rola hazivishiki na vyaweza kurushwa. Mimi hupitisha ubao mrefu kwanza, ndipo nikate vipande vya marufaa.

Hewa ya bahari hula chuma usiku na mchana. Kila ukimaliza kazi, futa meza ya mashine, paka nta kidogo, ufunike.

MASIKIO, MAPAFU NA JIRANI

Mashine hii ina kelele zinazokaribia desibeli 100, na masikio hulindwa kuanzia 85. Vaa viziba masikio na miwani. Vumbi nalo si la kudharauliwa. Tangu mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa wanadamu, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Fanyia kazi penye upepo, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Maranda usiyatupe ovyo, yafaa kutandikiwa kuku, ila ya mbao zilizotiwa dawa.

Na katika mitaa yetu ukuta wa nyumba yangu ndio ukuta wa nyumba yako. Usiiwashe wakati wa adhana, wala mchana wa kulala watoto, wala usiku. Haki ya jirani haipungui kwa kuwa una oda ya haraka. Na mteja naye ana haki yake: ubao wa inchi moja ukipigwa randa pande mbili hubaki chini ya inchi. Mwambie kabla, asijipimie mwenyewe baadaye.

WALIVYOAMUA

Nilimwomba kijana anionyeshe tena ile picha ya simuni. Tukaikuza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa volti 120. Akanyamaza. Nikawaambia waweke daftari kwa wiki nne, na mama watoto ndiye aandike.

Juzi wamerudi. Daftari lilionyesha kwamba alipigisha randa nje mara kumi na moja, na kati ya hizo, nne zilikuwa za mbao zile zile: alizinunua zikiwa mbichi, zikajikunja baada ya kupigwa randa, akazirudisha. Hizo nne si kosa la kukosa mashine, ni kosa la kukosa subira. Ubao wa inchi moja huhitaji mwaka mzima hivi kivulini, umepangwa kwa vijiti vya kupitisha hewa, ndipo ukauke sawasawa. Zile saba zilizobaki, bibi amezipigia hesabu mwenyewe, akaona yafaa kununua, lakini ya upana mdogo, ya volti zetu, na kwa fedha walizo nazo tu.

Wameandikiana pia, mbele ya mashahidi wawili, kwamba nusu ya chombo ni ya mke, na nusu ya faida yake vilevile. Mume alipotia saini alicheka, akasema, "Sasa mwajiri wangu yuko jikoni."

Mwenyezi Mungu awabariki katika riziki yao, na atupe sote subira ya kuacha ubao ukauke. Wassalaam.