Likizo ya Thelujini: Aulizwe Kwanza Asiyeteleza



Usiku mmoja baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu alitusubiri mlangoni mwa ofisi ya kamati, karatasi mkononi. Wanawe watatu, wawili wakiishi Uingereza na mmoja Muscat, walikuwa wamekubaliana kuwachukua wazazi wao kwa juma la mwisho la Desemba, wakutane wote kwenye mlima wa theluji. Ni miaka sita sasa familia hiyo haijala sinia moja. Fedha zilikuwapo, alhamdulillah. Kilichokosekana ni mapatano: kila mtoto alikuwa na mlima wake, na simu zilikuwa zimeanza kukatwa kwa hasira. "Nyinyi wanangu mmesoma," mzee alituambia, "hebu tutazamieni."

Tukatazama. Na kwa kuwa familia nyingi zetu leo zina watoto ng'ambo, na maswali ya namna hii yameanza kubisha hodi, tumeona tuwashirikishe wasomaji yale tuliyoyapata.

Mtoto wa kwanza alitaka Courchevel, katika milima ya Alps ya Ufaransa. Vijiji vyake vimepangana mlimani kwa kimo, na cha juu kabisa hujulikana kwa jina la 1850. Ni sehemu ya eneo liitwalo Trois Vallées, lenye takriban kilomita 600 za njia za kutelezea, zilizounganishwa kwa magari ya kebo. Hoteli zake ni miongoni mwa za ghali mno barani Ulaya, na katika nyingi mgeni hutoka mlangoni akiwa ameshavaa mbao zake miguuni. Kwa mtelezaji hodari, hapa ni peponi pa dunia. Lakini uzuri wake mkubwa ni wa yule anayeweza kuteleza.

Wa pili alitaka Zermatt, Uswisi, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Magari ya petroli hayaruhusiwi kijijini. Wageni huacha magari yao Täsch na kumalizia safari kwa treni. Theluji yake ni ya kutegemewa, kwani kebo hupanda hadi mita 3,883. Kwa mtu mzima asiyeteleza iko pia reli ya Gornergrat, iliyofunguliwa mwaka 1898, ambayo humfikisha abiria mita 3,089 akiwa ameketi kitini. Hata hivyo, mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo hana budi kumwona daktari kabla ya kupanda kimo hicho.

Wa tatu, yule wa Muscat, alitaka Uludağ, Uturuki, mlima wenye mita 2,543 ulio juu ya mji wa Bursa. Kebo yenye urefu wa karibu kilomita 9 hupanda kutoka mjini hadi kwenye hoteli. Kutoka Dar es Salaam kuna ndege za moja kwa moja hadi Istanbul, na saa za huko ni sawa na zetu. Upungufu wake ni kimo: mlima huu ni mfupi kuliko ile ya Alps, na theluji ya Desemba yaweza kuchelewa.

Baada ya ramani, tuliandika maswali ambayo familia ya Kiislamu haina budi kuyauliza kabla ya kulipa hata shilingi moja.

La kwanza ni swala. Zermatt, mwishoni mwa Desemba, Adhuhuri huingia mnamo saa sita na nusu mchana, Alasiri mnamo saa nane na nusu, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja. Maana yake, karibu mchana wote wa kuteleza umo baina ya nyakati hizo. Msafiri ana ruhusa zake za kupunguza swala na kuzikusanya, na za kupangusa juu ya khufu. Masharti yake muulizeni imamu wenu mkingali nyumbani. Hoteli nayo iulizwe kama ina chumba kitulivu, na iko umbali gani kutoka kwenye njia za kutelezea.

La pili ni chakula. Katika Alps, mgeni hukaribishwa kwa fondue, jibini iliyoyeyushwa ambayo huchovywa mkate. Wengi hudhani ni chakula salama kwa kuwa hakina nyama, ilhali kwa desturi hupikwa kwa mvinyo mweupe. Na tusidanganyike kwamba nchi ya Waislamu ni dhamana tosha: hoteli nyingi za Uludağ huuza pombe na hupiga muziki usiku. Ulizeni hoteli kwa hoteli, wala si nchi kwa nchi.

La tatu ni usalama. Januari 2025, moto uliteketeza hoteli katika kituo cha Kartalkaya, Uturuki, ukaua watu 78, wengi wao wakiwa familia zilizokwenda kwa likizo ya shule. Tangu tuliposoma habari hiyo, swali letu la kwanza kwa hoteli yoyote, iwe ya nyota tano au zaidi, ni hili: ving'ora vya moto vinafanya kazi? Ngazi za dharura ziko wapi? Wazee walale orofa za chini. Nyota za mlangoni hazizimi moto.

La nne ni uwezo wa mtelezaji. Njia huko Ulaya hupewa rangi: buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya mabingwa, Ufaransa huongeza kijani kwa wanaoanza. Mjukuu anayeanza atahitaji mwalimu na kofia ngumu, si kilomita 600.

Tulijaza kurasa nne, tukajiona tumemaliza kazi. Ndipo akina mama wa kamati walipokwenda kumjulia hali mke wa mzee, ambaye magoti yanamsumbua, wakamuuliza yeye anapendelea wapi. Akashangaa. Katika miezi miwili ya mabishano hakuna aliyewahi kumuuliza, nasi tukiwamo. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mimi sitelezi popote. Nipelekeni mahali nitakapowaona wajukuu wakianguka na kuinuka, jioni tule pamoja, na nisikie adhana."

Maneno hayo yalimaliza kesi. Wamechagua Uludağ: siku nne mlimani, siku tatu Bursa, mji wenye maji ya moto ya asili na Msikiti Mkuu wa kuba 20 uliokamilika mwaka 1399. Huko Bi Mkubwa atapumzisha magoti yake, na theluji ikichelewa, safari haitakuwa imeharibika. Yule aliyetaka Courchevel alinyamaza siku mbili, kisha akatuma ujumbe kwamba hoteli ya mlimani atailipia yeye.

Hatusemi kwamba kila familia iende Uludağ. Wengine Zermatt na reli yake itawafaa zaidi. Tunalosema ni kwamba anasa ya safari ya familia haipimwi kwa bei ya chumba. Hupimwa kwa yule atakayebaki ameketi wakati wengine wanateleza: je, atakuwa pamoja nao, au atafungiwa chumbani kizuri akitazama ukuta? Kabla hamjafungua ramani, mketisheni huyo, mumuulize. Na kama ni mzazi wenu, basi muulizeni mapema, angali yupo wa kuulizwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu salama ya kwenda na kurudi. Amin.