Redio ya Dharura: Tuanze na Betri (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwa nini kaya za Mbozi, Momba na Ileje zinahitaji redio isiyotegemea umeme wa ukutani wala mnara wa simu. Ushahidi hauko mbali. Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaamkia gizani. Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Mei 12 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari, intaneti ikadorora nchi nzima. Mambo matatu yenye vyanzo tofauti, yote ndani ya wiki sita. Leo tunashuka dukani. Mtu wa Mbozi Mission aliyekwenda Vwawa au Tunduma na fedha yake mfukoni, mbele yake zimepangwa redio za kila rangi, achukue ipi? Jibu tutakalolitetea hapa ni kwamba achague kwanza betri, yaani aina ya betri inayouzwa duka la jirani na nyumbani kwake, kisha atafute redio inayoila. Pili aangalie stesheni zinazofika anapoishi. Tochi, king'ora, kioo cha jua na mapambo mengine vije baada ya hapo.

Tuseme kwanza kuhusu redio zinazonadiwa waziwazi kwa jina la redio ya dharura, kwa sababu ndizo zinazovuta macho na ndizo ndugu walio ughaibuni hupenda kutuma kama zawadi. Nyingi zimebuniwa kwa soko la Marekani. Ukizitazama usoni utaona swichi yenye herufi WX. Hiyo ni kwa ajili ya vituo maalumu vya hali ya hewa vya serikali ya Marekani, ambavyo hutangaza saa 24 kwenye masafa saba kati ya megahezi 162.400 na 162.550, na vinaweza kuiamsha redio iliyolala kimya usiku kucha pindi hatari inapokaribia. Ni mpango mzuri sana kwa wenzetu. Hapa kwetu hakuna kituo kinachorusha matangazo hayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa viwango vyake vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kupitia stesheni za kawaida, televisheni na mitandao. Kwa hiyo mnunuzi wa Mbozi analipia swichi itakayompa mkwaruzo mtupu, na king'ora ambacho hakitalia hata mara moja. Kuna jambo jingine dogo la kuuliza. Katika Amerika zote mbili, stesheni za mawimbi ya kati hupangwa kwa kuachana kilohezi 10, lakini Afrika huachana kilohezi 9. Redio inayochagua stesheni kwa namba, ikiwa imefungwa kwenye mpangilio wa kule, itazirukaruka stesheni za huku bila kutulia. Zile nzuri zina mahali pa kubadilisha. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla hujalipa.

Sasa betri. Redio ndogo ikisikilizwa kwa sauti ya kawaida hutumia umeme kidogo mno, mara nyingi miliampia 40 hivi. Betri ndogo za alkali, zile za saa ya ukutani na rimoti, hubeba zaidi ya miliampia-saa 2,000. Maana yake redio itaongea kwa saa 50 au karibu na hapo. Betri kubwa za tochi za alkali hubeba mara tano ya hizo au zaidi, na kwa kusikiliza saa mbili tatu kwa siku zitavuka miezi miwili na kuingia wa tatu. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni, ambazo ndizo zimejaa maduka ya vijijini, hazifiki huko, lakini zina sifa moja inayozidi zote: zinapatikana. Zinapatikana Mbozi Mission, zinapatikana minadani, zinapatikana katika kibanda cha mwisho kabla barabara haijateremka bonde la Momba. Umeme ukikatika siku nne mfululizo, redio yenye betri iliyofungwa ndani, isiyofunguka, itanyamaza chaji yake ikiisha. Redio inayokula betri za dukani itaendelea kuongea mradi duka liko wazi, na hata lisipokuwa wazi, pakiti moja iliyotunzwa kabatini inatosha.

Hatusemi kwamba betri ya kuchaji ni adui. Zipo redio ndogo za Kichina zinazotumia betri ya BL-5C, ileile ya simu ndogo za Nokia, na nyingine hutumia betri ya duara ndefu ya 18650 ambayo imo pia katika tochi za kuchaji. Hizo zinafaa, kwa sharti moja: uwe unaweza kuitoa kwa kidole na kuweka nyingine. Fundi simu yeyote wa Tunduma anayo BL-5C. Kigezo chetu kinabaki palepale, kwamba chakula cha redio kiwe kile kinachouzwa karibu. Iliyo bora kuliko zote ni ile yenye njia mbili, yaani tundu la waya wa kuchajia simu pamoja na nafasi ya betri za dukani, kwa sababu siku za kawaida itakula umeme wa sola ya nyumbani na siku ya taabu itakula betri.

Utunzaji nao ni sehemu ya uchaguzi. Vijijini watu huanika betri zilizochoka juu ya bati, na redio kweli huamka kwa muda, kwa kuwa joto huchochea kemikali iliyobaki. Tatizo ni kwamba katika betri hizi za bei nafuu ganda la zinki ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Betri iliyochoka ina ganda jembamba, na ikilazimishwa zaidi hutoboka. Fungua mfuniko wa nyuma wa redio iliyokaa muda mrefu na betri ndani yake, utaona springi zimevaa unga mweupe au wa kijani, waya mwembamba uliounganishwa nazo umelika, na redio nzima imekufa kwa ajili ya kipande cha chuma kisichozidi urefu wa ukucha. Redio ya dharura ihifadhiwe betri zikiwa nje, zimefungwa pembeni yake.

Hapo msomaji makini atapinga: kwa nini tuhangaike na betri wakati kuna redio za kuzungusha mkono na za jua? Hoja hii ina historia ya heshima. Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya springi baada ya kuona kwenye televisheni kwamba taarifa za UKIMWI haziwafikii Waafrika wengi kwa kukosa umeme na betri. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 redio hizo zilitengenezwa Cape Town kwa jina la Freeplay. Kuizungusha kwa muda usiozidi dakika moja kuliipa karibu nusu saa ya kuongea. Lakini redio ile ilikuwa na springi nzito ya chuma iliyotunza nguvu yenyewe. Nyingi za leo zenye mkono wa kuzungusha hazina springi. Zina dinamo ndogo inayochaji betri ya ndani, na betri hiyo ikikaa mwaka mzima kabatini bila chaji huharibika, na kuzungusha kwako kunabaki kazi ya bure. Jua nalo tulipigie hesabu. Kioo cha upana wa kiganja, kilichobandikwa juu ya redio, kwenye jua kali hutoa kama miliampia 100 kikiwa kizuri. Kujaza betri ya miliampia-saa 2,000 kutahitaji zaidi ya saa 20 za jua la utosini, yaani siku nne na zaidi. Na mvua za msimu huku kwetu huanza Novemba na kumalizika Aprili, uwanda wa Mbozi ukiwa chini ya mawingu kwa siku kadhaa mfululizo. Hicho ndicho kipindi cha hatari, na ndicho kipindi ambacho kioo hicho hakifanyi kazi yake. Mkono na kioo viwepo kama akiba ya mwisho, lakini visinunuliwe badala ya betri.

Kuhusu stesheni, jiografia ndiyo inayoamua. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kilima kikiwa katikati huishia hapo. Kati ya Jiji la Mbeya na uwanda wa Mbozi kuna bonde la mto Songwe na milima yake. Mtu anayesikia vizuri Baraka FM ya Kanisa la Moravian akiwa mgongoni mwa kilima anaweza kuipoteza kabisa akishuka mtoni, na akisogea mpakani stesheni za Zambia huanza kuingia. Kwa FM, antena ndefu ni muhimu kuliko ukubwa wa redio: sentimita 75 hivi ndizo zinazolingana na robo ya wimbi lenyewe, kwa hiyo redio yenye antena fupi ya kidole inakunyima usikivu kuanzia dukani. Mawimbi ya kati yana tabia tofauti. Mchana hutambaa juu ya ardhi, na usiku hudunda kwenye tabaka za juu za anga na kutua mamia ya kilomita mbali, hivyo hata kama vituo vyote vya karibu vimezimika, baada ya magharibi utasikia vya mbali. Antena yake imo ndani ya redio, nondo nyeusi iliyozungushiwa waya mwembamba. Ukiigeuza redio taratibu kushoto na kulia, sauti hupanda na kushuka mpaka upate upande wake.

Mawimbi mafupi yana mjadala. Wapo wanaosema yamekwisha, na si uzushi: Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalisimamishwa, na idhaa nyingine za nje zimepunguza saa zake mwaka hadi mwaka. Hata hivyo mawimbi haya yanaweza kuvuka nchi nzima bila mnara wowote wa njiani, na kwa miaka mingi Redio Zanzibar imesikika mbali sana kwenye kilohezi 11735. Kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua yenye mawimbi hayo. Kama ni kubwa, fedha hiyo inunue betri.

Pingamizi linalorudi mara kwa mara ni la simu. Kila mtu ana simu, redio ya nini? Simu janja nyingi za sasa hazina redio ya FM inayofanya kazi bila intaneti, na zile ndogo zenye nayo huhitaji waya wa masikioni uwe antena. Minara ina betri zake za akiba, ila hazidumu siku nyingi. Hili si tatizo la nchi maskini peke yake. Aprili 28, 2025 umeme ulipokatika Uhispania na Ureno kwa saa nyingi, mitandao ya simu ilidhoofika na wakazi wa miji mikubwa wakakimbilia madukani kununua redio ndogo za betri, wengine wakasimama barabarani kuizunguka redio moja. Watanzania wa umri mkubwa wanaufahamu usikilizaji wa namna hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takribani milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio na kisha kujadiliana kuhusu maji safi, vyoo na malaria. Redio moja ilitosha kikundi kizima kwa sababu ilikuwa na spika. Simu humwonya mwenye simu. Redio yenye sauti nzuri humwonya bibi aliye jikoni na jirani aliye uani. Kwa hiyo dukani usiijaribu kwa sikio karibu. Iweke juu ya meza, rudi nyuma hatua kumi, na usikilize kama maneno ya mtangazaji yanaeleweka, wala si muziki.

Wengine watasema kwamba baadhi ya maafa hayatangaziki. Ni kweli. Tetemeko la Desemba 13, 1910 la eneo la Rukwa, miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa Afrika Mashariki, halikutoa taarifa, na hata leo lisingetoa. Lakini tazama Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya Ileje, Desemba 2009. Mitetemo iliendelea kwa wiki kadhaa, kubwa zaidi ikaja takribani wiki mbili baada ya ile ya kwanza, na watu wakalala nje ya nyumba zao wakati wa mvua. Aliyelala nje anahitaji kujua kama arudi ndani, barabara ipi imepasuka, maji yanagawiwa wapi. Hiyo ndiyo kazi ya redio baada ya janga, na ndiyo inayodai redio iweze kukaa nje: mfuniko wa betri unaobana, vitufe vinavyopapaswa gizani, na kamba ya kuning'inizia. Ikikosa kinga ya maji, mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani unatosha, kwani mawimbi hupita.

Shambani na ziwani usikivu huongezwa kwa waya mwembamba wa mita tano hadi kumi, ukibanwa kwenye antena na kutundikwa juu ya mti, hasa kwa mawimbi mafupi. Radi zikianza, waya huo ushushwe mara moja. Redio yenyewe itakujulisha mapema, kwa kuwa kwenye mawimbi ya kati kila radi husikika kama mpasuko mfupi, hata ile iliyo mbali ambayo ngurumo yake haijafika. Mipasuko ikizidi na kukaribiana, mvuvi wa Rukwa ageuze mtumbwi na mkulima atoke chini ya mti.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu redio ya kitongoji: nani aitunze, na betri zake zilipiwe na nani.