Mchagua Kibao Ndiye Mchezaji

Wahenga wetu walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Shambani neno hilo silipingi. Lakini majira ya baridi nilipomzuru mpwa wangu huko Chicago, Marekani, niliona mchezo ambao asiyechagua zana yake huenda akarudi nyumbani kiwiko kikimwuma, asiweze hata kuinua kikombe cha chai.

Mchezo huo ni tenisi ya jukwaani. Uliasisiwa mwaka 1928 huko Scarsdale, karibu na jiji la New York, na mabwana wawili, James Cogswell na Fessenden Blanchard, waliotaka kucheza nje hata wakati wa theluji. Walijenga jukwaa la mbao. Siku hizi majukwaa mengi ni ya alumini, na chini yake huwekwa mitambo ya joto ili theluji iyeyuke. Uwanja una urefu wa futi 44 na upana wa futi 20, nao umezungukwa na ukuta wa waya wenye kimo cha futi 12. Aghalabu huchezwa na watu wanne, wawili wawili.

Ukuta huo ndio siri ya mchezo. Mpira ukidunda uwanjani kisha ukagonga waya, ungali hai. Mchezaji aweza kuurudisha kabla haujaanguka mara ya pili. Basi pigo kali, ambalo katika tenisi ya kawaida lingemaliza maneno, hapa hugonga waya na kumrudia mpinzani taratibu. Tena anayeanzisha mpira hupewa nafasi moja tu, si mbili. Ushindi ni wa mwenye subira na shabaha.

Chombo chenyewe hakina nyuzi. Ni kibao chenye matundu ya kupitisha upepo, na jina lake la Kiingereza ndilo lile lile la kafi la mtumbwi. Tulipokwenda dukani, muuzaji alitutolea kizito kuliko vyote, akisema ndicho cha mabingwa. Mpwa wangu ni mpishi. Mkono wa kulia ndio umpao riziki.

"Mjomba, hiki chepesi kitakuwa na nguvu kweli?" aliniuliza.

"Mwanangu," nikamjibu, "kiwiko kikiharibika, bingwa hatakulipia kodi ya nyumba."

Nawe msomaji, ukiulizwa na kijana wako aliye ng'ambo, mwambie haya. Kwanza ni uzito. Vibao vingi vina uzito wa takriban gramu 350 hadi 380. Tofauti yaonekana ndogo, lakini baada ya saa nzima ya kupiga, kano za kiwiko zitaihesabu. Kizito hakitikisiki kinapopokea mpira mkali. Chepesi hugeuka upesi mtu anapocheza karibu na wavu.

Pili ni mizani. Kiweke kibao juu ya kidole uone kinalalia wapi. Kinacholemea kichwani husukuma mpira zaidi, lakini huuchosha mkono.

Tatu ni mpini. Ukiushika, kati ya ncha za vidole na kiganja pabaki nafasi ya kuingia kidole kimoja cha mkono wa pili. Mpini mwembamba waweza kunenepeshwa kwa utepe. Mnene kuupunguza ni kazi. Na anayecheza na glavu aujaribu akiwa amezivaa.

Nne ni uso na moyo wake. Uso una chengachenga kama za mchanga, zinazoukamata mpira ili uzunguke. Hizo hulika kwa matumizi, kwa hiyo anayenunua kilichotumika aupapase uso kwanza. Ndani mna sponji: iliyo laini humeza mtikisiko, iliyo ngumu hurusha mpira kwa kasi, na mtikisiko wake huishia kiwikoni.

Mpwa wangu alichukua cha uzito wa wastani chenye sponji laini, nami naona alichagua vyema. Katika mchezo ambao ukuta huirudisha nguvu kwa mpinzani, kununua nguvu kwa gharama ya kiwiko ni biashara ya hasara. Anayeanza na aazime vibao viwili vitatu vya wenzake, acheze navyo, kisha siku ya pili ausikilize mkono wake kabla ya kumsikiliza muuzaji.