Ukali wa Bakteria Nyemelezi Hutoka Wapi?

Tumezoea kuvigawa vijidudu kuwa vikali na vipole, kana kwamba ukali ni tabia ya kuzaliwa nayo. Bakteria Salmonella Typhimurium hakubali mgawanyo huo. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, huharisha na kupata homa siku chache, kisha hupona, mara nyingi bila dawa. Lakini kwa mtu ambaye VVU vimekwisha kudhoofisha kinga yake, au mtoto aliyelemewa na malaria au utapiamlo, bakteria huyohuyo hupenya utumbo, huingia katika damu na huweza kuua. Wengi wa wagonjwa hawa hawaharishi kabisa. Wana homa, upungufu wa damu na bandama iliyovimba, na mhudumu wa zahanati huiwazia malaria kwanza. Bila kuotesha damu maabara, bakteria hajulikani.

Ushahidi unaonishawishi zaidi umetoka Kilifi, Kenya. Mtoto aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa sana dhidi ya malaria kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto hao walipata pia maambukizi ya bakteria katika damu kwa nadra zaidi, na malaria ilipopungua, nafuu hiyo ya ziada nayo ikafifia. Maana yake, malaria ndiyo iliyokuwa ikiwafungulia bakteria njia: chembe nyekundu zinapopasuka, chembe nyeupe hupungukiwa uwezo wa kuua bakteria ziliowameza.

Atapinga mtu: mbona aina ya bakteria huyu iitwayo ST313, iliyoelezwa mwaka 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya, ndiyo iliyotawala damu za wagonjwa? Hoja hii ni nzito. ST313 imepoteza kazi ya jeni kadhaa, na badiliko la herufi moja ya DNA huiongezea protini inayoisaidia kustahimili silaha za damu. Bakteria naye amebadilika, nakiri. Hata hivyo, huyo aliyebadilika bado ni nadra kumwangusha mtu mzima mwenye kinga kamili. Amenawiri palepale ambapo VVU na malaria vilikwisha kutangulia.

Kwa hiyo dawa za VVU (ARV), chandarua na lishe ya mtoto vihesabiwe kuwa tiba ya Salmonella, hasa kwa kuwa ST313 nyingi hazisikii tena ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli. Huko Blantyre, Malawi, ARV zilipoenea, maambukizi haya yalipungua kwa watu wazima.