Vidanji si dawa ya mbao

Swali huja kwa umbo lilelile: nipake vidanji mara ngapi kabla ya kupigilia mbao za sakafu? Hakuna anayeuliza kama vidanji inafaa. Hilo lilishaamuliwa zamani, gereji na kwa jirani, na kilichobaki ni kipimo tu. Kipimo ni sifuri. Vidanji, yaani yale mafuta meusi yanayomwagwa kutoka kwenye injini ya lori au pikipiki, hayamzuii mchwa kwa namna ya kutegemewa, hayazuii maji, hayakaushi ubao mbichi, na ukishayapaka umejifungia njia ya kutumia kitu kingine chochote kilicho bora. Kwa kuwa jibu fupi halimridhishi muulizaji, acha nilieleze kwa urefu. Mambo ya kufanya yatakuja mwishoni, na ni machache kuliko watu wanavyodhani.

Ubao umejaa mirija myembamba inayokwenda kwa urefu wa mti. Kimiminika huingia kwa wepesi kwenye ncha mbili zilizokatwa na msumeno, lakini kwenye uso mpana, ambao ndio unaopakwa brashi, huishia milimita chache, na katika kiini cha mti mgumu kama muvula hata hapo hakifiki. Halafu kumbuka kwamba mbao nyingi zinazouzwa hapa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, hushuka kutoka milimani zikiwa bado na maji yake. Mrija uliojaa maji hauna nafasi ya mafuta. Kwa hiyo unachopata ni ngozi nyeusi juu ya ubao ambao ndani haujaguswa, na mchwa wa ardhini hana haja ya kuitoboa ngozi hiyo. Anatoka chini, anatafuta ufa, tundu la msumari au ncha iliyokatwa baada ya kupakwa, kisha anakula ndani kwa ndani na kuiacha ngozi yako ikiwa nzima. Dawa ya kweli ya mbao ina sifa mbili: ni sumu kwa mdudu na inakaa ndani ya ubao kwa kina cha kutosha. Vidanji ni mafuta ya kulainishia chuma yaliyokwisha kuchoka, yamejaa masizi na chembe za metali. Hayakutengenezwa kwa kazi hiyo wala hayana kipimo kinachojulikana, maana ya lori hili si sawa na ya lori lile. Harufu yake inaweza kumfanya mchwa asite kwa muda. Ikipungua, anajenga njia yake ya udongo juu ya weusi huohuo na kuendelea na kazi.

Hapo ndipo ninapoulizwa habari za mataruma ya reli: si yalikuwa meusi kwa mafuta, na yakadumu miaka? Ndiyo, lakini yale ni kreosoti, kitu kinachokenekwa kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na haikupakwa kwa brashi. Tangu John Bethell aandikishe hataza yake Uingereza mwaka 1838, mbao hufungiwa ndani ya tangi la chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa kwa shinikizo mpaka ipenye ndani. Rangi zinafanana tu. Hata hiyo kreosoti, pamoja na uwezo wake wote, si kitu cha kuingiza ndani ya nyumba ya kulala watu. Wengine hutaja vyombo vya majini, na mfano wao ni mzuri kuliko wanavyojua, kwa sababu unawapinga. Mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi walipaka majahazi yao sifa, mafuta yatokanayo na papa, na chini wakapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, lakini walirudia kazi hiyo tena na tena muda wote wa uhai wa chombo. Tena jahazi hukaa majini, mbao zake zikivimba ndipo zinapobana. Sakafu ya sebule haipakwi upya kila msimu, na ikivimba inainuka.

Pingamizi lililobaki ni lile la nyumba ya babu, iliyopakwa vidanji miaka mingi iliyopita na ingali imesimama. Siwezi kubishana na nyumba, lakini nauliza: ilijengwa kwa mbao gani? Kama ni kiini cha muvula, basi mti huo unajilinda wenyewe. Una kemikali iitwayo kloroforini, na uimara wake dhidi ya mchwa na kuvu ndio unaoufanya utafutwe kote Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ungedumu vilevile bila tone la mafuta. Lakini sifa hiyo ni ya kiini peke yake. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome, hata ya muvula huohuo, ni chakula cha wadudu kama mti mwingine wowote. Na hapa ndipo vidanji inapofanya madhara makubwa kuliko yote: inafunika. Ubao mweupe, ubao wa kiini, ubao wenye vitundu vya fukusi, ubao ulioanza kuoza na ubao mbichi wa eukaliptusi zote zinakuwa nyeusi, na mnunuzi hana tena cha kuangalia. Ukikuta mbao za sakafu zimeshapakwa kabla hujazinunua, usiulize bei. Nenda kwa muuzaji mwingine.

Watasema angalau ni rahisi, kwa kuwa gereji inataka kuyatupa. Urahisi huo una gharama. Verni haishiki juu ya mafuta ya injini, gundi haishiki, nta inachafuka, na kuyatoa kunataka kukwangua ubao hadi upungue unene. Mafuta hayo yana risasi na metali nyingine zilizokwanguka kwenye injini, pamoja na benzo(a)pireni, ambayo shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sakafu ndiyo mahali mtoto anapotambaa, kisha anatia vidole mdomoni. Na nyumba ikiingiliwa na maji, mafuta hayo yanaishia kwenye ziwa lilelile tunamochota maji na kuvua ndagala.

Turudi kwenye sababu ya kweli ya sakafu kuharibika, ambayo mara nyingi si mdudu. Ni maji yaliyomo ndani ya ubao. Ubao huvuta na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa: hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huufikisha ubao karibu na asilimia 12, na hewa ikifika 80 ubao hupanda hadi kama 16. Mafuta ya kupaka hayauzuii mvuke huo, yanauchelewesha kidogo tu. Ubao mbichi wa muvula wenye upana wa sentimita 10, ukikauka hadi asilimia 12, hupungua kama milimita 2. Wa eukaliptusi unaweza kupungua 5 au zaidi, tena kwa kujipinda. Chumba cha mita 4 kina mbao 40 za upana huo. Piga hesabu: sentimita 8 za nafasi tupu kwa muvula, 20 kwa eukaliptusi, na humo ndimo mchanga, mende na maji ya deki vinapoingia. Ubao uliotulia Bukavu, kwenye ubaridi wa mita 1,500 hivi, nao haujatulia kwa joto la kando ya ziwa. Fundi analaumiwa, msumari unalaumiwa, mchwa analaumiwa. Kosa lilifanyika siku ile ubao ulipopigiliwa kabla haujakauka.

Kuna pia maji yanayotoka chini. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kalemie, na yanayoingia yakizidi linapanda na kukaa juu kwa muda mrefu. Wakazi wa kandokando hapa Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, waliliona hilo mwaka 2021, na tena vibaya zaidi mwaka 2024. Maji yakiwa karibu hivyo na uso wa ardhi, zege hunyonya unyevu mchana na usiku hata kama mlango wako haujaingiliwa. Kwa nyumba ya namna hiyo ushauri wangu ni mfupi na haupendwi: usiweke mbao kabisa. Weka karo au simenti iliyolainishwa vizuri, fedha ya muvula itengeneze milango. Kwa nyumba iliyo mteremkoni, bandika karatasi ya plastiki ya mita moja juu ya zege, ziba kingo zote, ngoja siku mbili. Ukikuta matone chini yake, zege haliko tayari.

Likiwa tayari, haya basi. Chagua kiini cha muvula, eukaliptusi iwe ya mwisho na mbao zake ziwe nyembamba. Panga mbao chini ya paa, juu ya ardhi, na vijiti katikati, kiangazi chote, Juni hadi Septemba. Kata kipande mbali na ncha, kipime, kikaushe katika tanuri yenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 mpaka uzito usishuke tena: kikitoka gramu 240 hadi 200, maji yalikuwa asilimia 20, endelea kusubiri. Lengo ni 12 hadi 14. Ziingize mbao ndani ya nyumba wiki mbili kabla ya kazi. Tandika plastiki nzito juu ya zege, acha nafasi ya sentimita moja na nusu kila ukutani, kisha uifunike kwa ubao wa pembeni. Kwa mdudu, chumvi za boroni zilizoyeyushwa katika maji hufaa ndani ya nyumba pasipolowa. Zipakwe kabla ya verni, na ubao ukauke tena. Nje, kagua msingi kila mwezi na bomoa njia za udongo za mchwa. Juu paka verni ya sakafu mikono mitatu, au mafuta ya kitani kisha nta ya nyuki. Fagia mchanga kila siku, kwani ndio unaokwangua verni kuliko viatu. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, ndoo ya deki ibaki nje, na petroli ya taa isiguse sakafu. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandazwe nje au yalowekwe majini, kwa maana yakirundikwa hujiwasha moto yenyewe.