Programu ya maktaba: Sehemu za lazima zisizidi

DODOMA: Programu ya maktaba ya Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina ada ya leseni. Hata hivyo, maktaba isiyopanga vizuri fomu zake huweza kupata hasara ya vitabu visivyorudi.

Msimamizi wa Koha huchagua sehemu za lazima katika fomu ya kumwandikisha msomaji. Mojawapo ikiachwa wazi, programu hukataa kuhifadhi. Kwa kawaida huja na mbili: jina la ukoo na namba ya kadi. Hizo hazitoshi kumpata mwazimaji aliyechelewa.

Lakini kuzidisha nako kuna gharama. Mkulima wa Kongwa au Bahi asiye na barua pepe akidaiwa anwani, karani hubuni moja ili foleni isogee. Programu huona sehemu imejazwa, hupitisha. Kitabu kikipotea, hakuna wa kuulizwa.

Kipimo ni kimoja: lazima iwe ile taarifa ambayo kila msomaji anaweza kuitoa na maktaba itaitumia, kama simu yake au ya mdhamini. Nyingine ziachwe hiari.